Kufunga na Kufungua Nati kwa Impakti: Matumizi ya Adapta ya Soketi

Hapa Mafinga, mkoani Iringa, impakti ya betri (mashine ya kukazia inayozunguka huku ikigonga) imeenea zaidi kwa waezekaji na maseremala, lakini fundi mwenye adapta nzuri anaweza kuitumia pia kwa bolti za kenchi, za tela na za mashine za kupasulia mbao. Mdomo wa mashine hii hupokea mkia wa pembe sita wenye upana wa robo inchi, yaani milimita 6.35, ilhali soketi, yaani kikombe kinachoshika nati, ina tundu la mraba nyuma. Adapta huviunganisha viwili hivyo: upande mmoja una mkia wa pembe sita, upande mwingine kichwa cha mraba cha robo inchi, tatu ya nane (3/8) au nusu inchi.

Adapta ya nusu inchi huonekana nene na imara, lakini unene huo uko kichwani tu. Mkia wake ni uleule wa robo inchi, na mapigo yote ya mashine hupita hapo.

Hatua ya 1: Chagua vifaa. Mafundi wa huku huitaja bolti kwa namba ya spana. Bolti ya 10 kushuka chini inatosheka na adapta ya robo inchi. Ya 13 na ya 17, ambazo katika maduka yetu kwa kawaida ni M8 na M10 (bolti zenye kipenyo cha milimita 8 na 10), zinafaa kwa tatu ya nane. Ya 19 inahitaji nusu inchi. Chukua soketi nyeusi zilizotengenezwa kwa ajili ya impakti, kwa sababu zile za kung'aa za seti ya mkono ni ngumu lakini hazivumilii kugongwa, na zikipasuka hurusha vipande. Soketi iwe na pembe sita ndani, si kumi na mbili, ili isiviringishe kichwa cha bolti. Miwani ya kinga ivaliwe hata kwa nati moja.

Hatua ya 2: Funga adapta. Toa betri, vuta kola (pete) ya mdomo, ingiza mkia hadi mwisho, achia kola, kisha vuta adapta kwa mkono kuhakikisha kwamba imeshika. Adapta isiyo na mfereji kwenye mkia itachomoka na kubaki ndani ya soketi.

Hatua ya 3: Anza kwa vidole. Zungusha nati mizunguko miwili au mitatu kwa mkono ndipo ulete mashine, ikiwa imenyooka sawasawa na bolti. Impakti haihisi kwamba thredi (mistari ya msokoto ya bolti na nati) zimepandana badala ya kuingiana. Itaendelea kukaza hadi izile.

Hatua ya 4: Kaza kwa kiasi. Mashine ikianza kugonga, ujue nati imefika. Bolti ya M8 ya daraja la uimara la 8.8 inahitaji takriban Nm 25 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na M10 takriban 50, ilhali impakti nyingi za volti 18 zimeandikwa zaidi ya 150. Kwa hiyo ninaachia kitufe mara tu mapigo yanaposikika, kisha ninamalizia kwa spana. Kwenye mbao za misindano weka washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu) chini ya nati, la sivyo nati itazama ndani ya mbao kabla hujaondoa kidole. Nati za tairi zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kamwe si kwa impakti.

Hatua ya 5: Kufungua nati yenye kutu. Hapa ndipo adapta nyingi hufia. Niliwahi kung'ang'ania nati ya 19 kwenye tela la magogo lililolala nje masika nzima. Mashine iligonga kwa nusu dakika, nati ikakaa palepale, kisha shingo ya adapta ikakatika kwa mlio mkali, kichwa cha mraba kikabaki ndani ya soketi na mkia ndani ya mdomo wa mashine. Kichwa nilikitoa kwa kukigonga na msumari mnene kupitia upande wa nati, kwa kuwa tundu la soketi hupenya. Mkia ulitoka baada ya kuvuta kola, kuielekeza mashine chini na kuigonga taratibu kwenye kiganja. Tangu hapo ninasugua thredi kwa brashi ya waya, ninapaka mafuta ya kulegeza kutu, ninasubiri, kisha ninailegeza nati kwa spana ndefu ya mkono. Impakti huja baadaye, kuizungusha hadi itoke. Ikigonga sekunde tano bila nati kusogea, ninaacha.

(Asubuhi za baridi za Juni na Julai, betri iliyolala kwenye gari huchoka mapema. Mimi hulala nayo ndani.)

Hatua ya 6: Kagua mkia. Baada ya kazi, chomoa adapta, ielekeze kwenye mwanga na ufuate kingo zake sita kwa jicho kutoka shingoni hadi mwisho. Zikiwa zimenyooka, irudishe kwenye boksi. Zikiwa zimeanza kujisokota kama kamba, itupe siku hiyohiyo, hata kama bado inazunguka vizuri.