Kununua gari ya spoti ya zamani mnadani: mwongozo kwa wana Kigoma tulioko nje

Wadau wa mwisho wa reli mlioko Uingereza, Marekani, Canada na kwingineko, na ndugu zetu wa Tabora pia, naandika hii kwa sababu naona wengi wetu wameanza kuingia kwenye minada ya magari mtandaoni na hela ya shifti za usiku, halafu wanajikuta wamenunua picha, gari hakuna. Mimi haya magari nayapenda kwa dhati na nataka tuyamiliki, tena tuna haki nayo kuliko watu wengi. Datsun 240Z, gari ya spoti ya Kijapani, ilishinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki hii hii. Kwa hiyo nitatumia 240Z kama mfano mwanzo mpaka mwisho, ila utaratibu ni uleule hata ukitaka MGB au Jaguar E-Type.

Tuanze na thamani maana hapo ndipo watu wanapoumia. Jina la gari halina bei. Januari 2020 kwenye Bring a Trailer, mnada wa magari wa mtandaoni wa Marekani, 240Z moja iliuzwa dola 310,000, basi kila mwenye 240Z iliyooza nyuma ya nyumba akajiona tajiri, na mpaka leo kuna wauzaji wanaitaja ile bei kana kwamba ni ya kwao. Ile gari ilikuwa imetembea maili kama 21,000 tu na imebaki karibu kama ilivyotoka kiwandani, gari za hivyo unaweza kukaa miaka usiione nyingine. Kampuni ya Hagerty inapanga hali ya gari kwa namba, 1 ni ya maonyesho, 2 ni nzuri sana, 3 ni nzuri ya kutembelea, 4 inatembea ila kasoro zinaonekana. Muuzaji karibu kila mmoja ataiita yake namba 2. Wewe anza kwa kuihesabu namba 3 mpaka picha zikushawishi vinginevyo.

Kupata bei halali, tafuta zilizouzwa kweli ndani ya mwaka mmoja uliopita, achana na bei za matangazo maana kutangaza ni bure. Linganisha za mwaka uleule na usukani upande uleule. Hata ambayo haikuuzwa usiiruke, lile dau la mwisho alilolikataa muuzaji linakwambia watu walikuwa tayari kutoa kiasi gani siku ile. Halafu toa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zinazobaki katikati ndiyo soko lako.

Na lazima ujue gari yako kwa undani. 240Z za mwanzo kabisa zina matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa buti, za baadaye matundu yalihamia pembeni nyuma ya dirisha, na za mwanzo ndizo zinazolipiwa zaidi. Za Marekani za 1973 zilikuja na kabureta za kupunguza moshi ambazo zilisumbua sana, wamiliki wengi wakazitoa wakafunga za zamani, hiyo ukiikuta usishtuke ila ujue. Namba ya chasisi ya gari ya usukani kushoto inaanza na HLS30, ya kulia HS30, na ile Z432 adimu ya Japani yenye injini S20 ya Skyline GT-R chasisi yake inaanza na PS30, kwa hiyo mtu akikuuzia Z432 yenye chasisi nyingine huyo anakuuzia hadithi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye bati lililo kati ya injini na kabini, na kuna kibati ndani ya boneti chenye namba ya injini. Omba picha ya karibu ya vyote viwili pamoja na namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Zikilingana gari inapanda thamani, zisipolingana bado inaweza kuwa gari nzuri ya kutembelea lakini usiilipie bei ya zilizolingana.

Sasa kutu. Injini ya 240Z, inaitwa L24, ni ngumu, inatengenezeka, spea zipo, fundi mwenye akili anaifungua na kuirudisha. Bodi ndiyo inayokula hela. Gari hii haina fremu ya pekee kama pikapu, bodi ndiyo uti wa mgongo, ikioza chini umebaki na viti na usukani. Angalia sakafu, zile reli zinazopita chini yake, bati chini ya betri, kona za chini mbele ya tairi za nyuma na kingo za mlango wa buti. Uingereza na majimbo ya kaskazini ya Marekani wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, kwa hiyo gari iliyoishi maisha yake yote Arizona au California jua litakuwa limekausha dashibodi na mipira lakini chini unakuta pazima, na dashibodi iliyopasuka ni afadhali mara mia kuliko reli iliyooza. Muulize muuzaji kama ana kipimo cha unene wa rangi, rangi ya kiwandani huwa mikroni 100 mpaka 150 hivi, ukiona mahali panasoma 600 au elfu na zaidi pale pamepigwa puti.

Hapa nataka niseme kitu ambacho wengi hawakifikirii. Kule nyumbani, Mwanga, Ujiji, na Tabora mjini, bado kuna mafundi wazee waliokulia kwenye Datsun na Peugeot 504, wanajua platini na kabureta kwa kusikiliza tu, wakati fundi kijana wa Ulaya anataka kompyuta kwanza. Mtumie mzee picha za chini ya gari kwa WhatsApp, na vidio ya injini ikiwashwa ikiwa baridi kabisa, mwambie shikamoo mzee wangu, naomba uniangalizie hii kabla sijatoa hela. Jicho lake litaona mahali palipochomelewa juu juu, atasikia valvu zinagonga, na moshi wa bluu ukitoka mwanzo atakwambia oili inaungua. Na umlipe, usimfanye wa bure kwa kuwa ni baba mdogo, kazi ni kazi. Pamoja na hayo bado mlipe mkaguzi wa kule gari ilipo aende akaiinue na kuiangalia kwa macho, mia chache za dola ni kitu kidogo ukilinganisha na unachoweza kupoteza.

Karatasi: Marekani dai picha ya hati ya umiliki uhakikishe haijaandikwa salvage, maana hiyo ni gari ambayo bima iliifuta. Uingereza historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, unaiangalia bure kwenye tovuti ya serikali, unaona maili za kila mwaka na mahali mkaguzi alipoandika kutu. Gari iliyozidi miaka 40 kwa kawaida imesamehewa MOT kwa hiyo historia inaweza kukatika, basi dai risiti za gereji. Na ukiwa Uingereza unaagiza kutoka Marekani, gari iliyozidi miaka 30, ambayo haizalishwi tena na iko katika hali yake ya asili, inaweza kuingizwa chini ya namba ya forodha 9705, ushuru sifuri na VAT asilimia 5, hiyo tofauti ni kubwa sana, mwambie wakala wako mapema kabla hajajaza fomu.

Siku ya mnada andika kiwango chako kwenye karatasi, na ndani yake uwe umeshaingiza ada ya mnunuzi, usafiri, kodi na akiba ya matengenezo. Bring a Trailer ada ya mnunuzi ni asilimia 5 yenye kikomo chake. Na dau likiingia ndani ya dakika mbili za mwisho saa inarudi tena dakika mbili, kwa hiyo ule ujanja wa kuvizia sekunde ya mwisho haufanyi kazi, kinachotokea ni watu wawili kupandishiana mpaka mmoja achoke, na anayechoka kwanza mara nyingi ndiye mwenye akili. Kikifika kiwango chako funga simu kalale. Ukishinda, hapo unamlipa muuzaji moja kwa moja, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo akusomee akaunti ya benki kwa mdomo, barua pepe inayokuja ghafla kusema akaunti imebadilika usiiamini kabisa.

Kuileta nyumbani ni habari nyingine. Piga hesabu ya gari iliyofika Dar ikiwa na thamani ya dola 40,000 pamoja na meli na bima. Ushuru wa forodha asilimia 25 unakuwa 10,000. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, ongeza asilimia 30 ya uchakavu kwa gari iliyozidi miaka 10, vyote viwili juu ya 50,000, jumla 20,000. VAT asilimia 18 juu ya yote hayo 12,600. Umeshafika 82,600 na bado tozo ya reli, wakala na bandari. Viwango vinaweza kuguswa kila bajeti ya Juni, na thamani anayoitumia TRA anaipanga yeye, risiti yako si neno la mwisho, ongea na wakala wa forodha kabla ya kuweka dau. Kenya wao kwa kawaida hawapokei gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo usidanganywe kusajili kule.

Kwa maoni yangu, kama hujapanga kurudi kabisa iache ulipo, kwenye gereji kavu, na bima ya thamani mliyokubaliana na kampuni ya bima. Kama unarudi, tafuta HS30, usukani kulia, maana kuovateki lori njia ya Uvinza ukiwa umekaa kushoto ni kuhatarisha maisha. Kutoka Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, ipakie kwenye lori la kubebea magari, usimkabidhi dereva aiendeshe. Ukifika, habari njema ni kwamba Tanganyika ni maji baridi, hakuna upepo wa chumvi kama wa Dar, ila masika unyevu ni mwingi, kwa hiyo sakafu iwe ya saruji, matundu ya hewa yawepo, tanki lijazwe lisipate kutu kwa ndani, betri itolewe, na aliyebaki na ufunguo awe mtu mmoja tu anayejua kuwa gari hii haikopeshwi harusini.