Jinsi ya kufuatilia gharama za klasta ya Kubernetes kwenye AWS, siku kwa siku

Bili ya AWS sio LUKU ya umeme. Hununui kwanza ndo utumie, unatumia wee mwezi mzima alafu ndo unaletewa jumla, na jumla yenyewe imepangwa kwa huduma, sio kwa timu wala kwa app. Mtu wa fedha akiuliza mbona mwezi huu imepanda, unabaki umekodoa macho. Hapa naelekeza namna ya kujipanga ukiwa na klasta (kundi la seva) moja au mbili za EKS, yaani Kubernetes inayoendeshwa na AWS, bila kununua programu ya mtu.

Hatua ya 1: Washa tagi, leo leo

EKS yenyewe inabandika tagi (lebo) ya `aws:eks:cluster-name` kwenye nodi, yaani seva za EC2, ila kubandikwa sio kuonekana kwenye bili, lazima uingie Billing, sehemu ya Cost allocation tags, uiwashe, na inaweza kuchukua hadi saa 24 ndo ionekane. Kama mko chini ya akaunti mama ya kampuni basi ni yeye tu anayeweza kuwasha, muombe mapema. Diski za EBS na lodi balansa (kigawanya maombi kwa seva) hazipati hiyo tagi, ziwekee ya kwenu, mfano `timu=malipo`, na mkubaliane tahajia kabisa maana "Malipo" na "malipo" kwa AWS ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 2: Soma kwa siku, sio kwa mwezi

Februari ina siku 28 na Machi ina 31, kwahiyo ukilinganisha jumla za mwezi utaona Machi imepanda wakati hakuna kitu kimebadilika. Chukua wastani wa siku kwenye Cost Explorer, ukurasa wa AWS wa kuangalia gharama. Pia chagua Amortized costs (gharama iliyosambazwa siku zote), la sivyo tarehe 1 ya kila mwezi utaona mlima, kumbe ni malipo ya mwezi ya Reserved Instances (seva za mkataba) yameangukia siku moja. Au uliza kwa amri:

```
aws ce get-cost-and-usage \
  --time-period Start=2025-06-01,End=2025-07-01 \
  --granularity DAILY --metrics AmortizedCost \
  --group-by Type=DIMENSION,Key=SERVICE
```

Tarehe ya End haihesabiwi, hiyo hapo juu inaishia Juni 30. Na kila ombi kwa njia hii ni dola 0.01, kuangalia kwenye ukurasa wao ni bure, kwahiyo usiweke skripti inayouliza kila dakika.

Hatua ya 3: Weka OpenCost ndani ya klasta

AWS anaona nodi, haoni nani anakula nini ndani yake. Hapo ndo OpenCost inaingia, ni programu ya bure na iko chini ya CNCF, taasisi inayosimamia pia Kubernetes. Inahitaji Prometheus, programu ya kukusanya vipimo, iwepo kwanza.

```
helm repo add opencost https://opencost.github.io/opencost-helm-chart
helm install opencost opencost/opencost -n opencost --create-namespace
kubectl -n opencost port-forward deployment/opencost 9003
```

Fungua dirisha lingine:

```
curl -G http://localhost:9003/allocation/compute \
  -d window=yesterday -d aggregate=namespace -d includeIdle=true
```

Utapata gharama ya kila neimspesi (fungu la app ndani ya klasta). Mambo mawili ya kujua kabla hujaanza kugombana na watu: podi (app inayokimbia ndani ya nodi) inachajiwa kwa kile kikubwa kati ya ilichoomba na ilichotumia, kwahiyo timu iliyoomba CPU 4 ikatumia nusu inalipia 4, na ni haki yake. Pili, bila kuiunganisha na bili yenu OpenCost inatumia bei ya kawaida ya ukutani, kwahiyo mkiwa na Savings Plan (punguzo la mkataba) namba zake zitakuwa juu kuliko bili. Mimi naitumia kwa mgawanyo, nani kala asilimia ngapi, alafu hela halisi natoa Hatua ya 2.

Hatua ya 4: Hifadhi, hapa ndo wengi wanakwama

Prometheus usipoigusa inatunza data siku 15 tu. Yaani mtu anaweka dashibodi nzuri ya Grafana, baada ya miezi mitatu anataka kulinganisha, nyuma hakuna kitu. Dawa ni CronJob (kazi inayojiendesha kwa ratiba) moja ya kila siku inayochukua yale majibu ya OpenCost na ya Cost Explorer na kuyamwaga kwenye jedwali la Postgres: tarehe, klasta, neimspesi, cpu, ram, diski, jumla kwa dola. Mistari michache kwa siku, miaka mitano haitajaza hata diski ndogo. Ratiba weka `0 3 * * *`, kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi, maana siku ya AWS inaanza UTC ambayo Afrika Mashariki ni saa tisa usiku, na namba za Cost Explorer zinachelewa hadi siku moja, kwahiyo hizo rudia kuchukua siku tatu za nyuma na uandike juu ya zile za zamani.

Tunza kwa dola. Shilingi ya Kenya mwanzoni mwa 2024 ilikuwa karibu 160 kwa dola, miezi michache mbele ikawa karibu 130, ungetunza kwa shilingi ungejipongeza umebana matumizi kumbe ni soko tu. Kiwango cha siku weka safu ya pembeni.

Hatua ya 5: Jedwali la "nini kilibadilika"

Jedwali lingine dogo, tarehe na sentensi moja: tumeongeza nodi, app mpya, kampeni. Na vile visivyosababishwa na nyie pia. Toleo la Kubernetes likipitisha miezi yake 14 ya kawaida, EKS inapanda toka dola 0.10 kwa saa hadi 0.60, yaani toka kama 73 kwa mwezi hadi 438, bila wewe kugusa chochote. Anwani za IPv4 za nje nazo zinachajiwa dola 0.005 kwa saa tangu Februari 2024.

Hatua ya 6: Arifa

Washa Cost Anomaly Detection, ni bure, na itume kwenye chaneli ambayo watu wanaisoma, sio kwenye barua pepe ya mtu aliyeacha kazi.