Ukitaka kudumu kama risiva, anza na mikono

Wadogo zangu mnaocheza futiboli ya Kimarekani hapa Dodoma, hii ya kufunga vitambaa kiunoni na kukwapuana badala ya kugongana, kila kijana anayekuja uwanjani anataka kuwa risiva, na swali lao ni moja, kaka nifanyeje niongeze spidi. Hamna hata mmoja aliyewahi kuniuliza afanyeje acheze miaka 15. Linaniuma kwa sababu nimeona wenye spidi wengi wakipotea ndani ya msimu mmoja, leo paja kesho goti, keshokutwa hata kutazama haji.

Kwa asiyejua, risiva ndo yule anayesimama pembeni kabisa, mpira ukianza anakimbia njia waliyopanga afu kwotabeki, yule mrushaji wa timu, anamrushia. Kazi yake ni kuwa pale alipoahidi kuwa na kudaka, basi.

Sasa mtazameni Larry Fitzgerald. Alichaguliwa wa 3 na timu ya Arizona Cardinals kwenye drafti ya 2004, yani siku timu zinapogawana wachezaji wapya, ya NFL, ligi kuu ya Marekani ambako wanagongana kweli, akacheza misimu 17 mpaka 2020, timu hiyo hiyo moja. Kadaka pasi 1,432 kwa yadi 17,492, na mbele yake kwenye hesabu zote mbili yupo mtu mmoja tu, Jerry Rice, pasi 1,549 na yadi 22,895 kwa misimu 20. Ila kinachonifanya nimpende Fitzgerald ni kwamba pasi alizodondosha maisha yake yote ni chache kuliko mara alizomkaba mtu akaanguka, na risiva hakabi, anakaba pale tu wapinzani wakinyakua mpira. Yani mtu kaangusha wapinzani kuliko alivyoangusha mpira! Hapo ndo utajua neno kutegemewa lina maana gani.

Tuanze na mikono basi. Jerry Rice baba yake alikuwa fundi wa kujenga kwa tofali kule Mississippi, na yeye na kaka zake walimsaidia, tofali zinarushwa juu yeye anazidaka. Mtu wa Dodoma hili halihitaji kuelezewa, mji wote huu saiti, tangu serikali ihamie kila kona kunajengwa. Nenda simama dakika 10 umwangalie saidia fundi aliyeko juu anavyopokea tofali ya kuchoma. Angalia viganja vyake. Havikai vigumu vikisubiri, vinaifuata tofali njiani, na ikigusa tu mikono inarudi nayo nyuma kidogo kama inapokea mtoto mchanga, haina kishindo. Akikaza mikono siku moja tu vidole vimeumia na hela ya siku imekwenda, kwaiyo hakazi. Risiva mwenye mikono mizuri kuliko wote niliowafundisha alikuwa saidia fundi Nkuhungu, sikumfundisha kudaka mimi, nilimwambia tu mpira huu ni tofali nyepesi.

Mpira ukija juu ya kifua, gumba na gumba zikaribiane, vidole vimetanuka, unauona mpira kupitia lile tundu la katikati. Ukija chini ya kiuno geuza, vidole vidogo ndo vikaribiane. Usidakie kifuani kamwe, kifua ni kigumu mpira unadunda, daka na vidole mbele ya mwili afu uusindikize kwa macho mpaka uingie kwapani. Hapo kwenye macho ndo wengi wanakufa, mpira umeshagusa vidole yeye kashageuka kuangalia pa kukimbilia. Fitzgerald babu yake alikuwa daktari wa macho Chicago, akampa mazoezi ya macho tangu mdogo. Sisi hatuna babu huyo, lakini mpira wa tenisi tunao, andika namba kwa kalamu ya maka pande tofauti, mwenzako akurushie, na kabla hujafunga kiganja utaje namba uliyoiona. Mara 50 kwa siku, mkono wa kulia 25 na wa kushoto 25. Inachosha na inaboa, fanya tu.

Kitu kingine cha hapa kwetu ni vumbi na upepo. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa mchana unaupeleka mpira unakotaka wenyewe, na vumbi jekundu likishika ngozi ya mpira unateleza kama umepakwa unga. Wekeni kitambaa kibichi pembeni mfute kila baada ya pasi chache. Mazoezi ya kudaka yawe saa 12 asubuhi kabla upepo haujaamka, ila mara moja kwa wiki nendeni saa 10 jioni makusudi mdake kwenye upepo, mechi haichagui saa. Na kagueni uwanja kabla ya kuanza, miba ya migunga inapita soli.

Miguu sasa. Rice alipoingia drafti 1985 alichaguliwa wa 16, na risiva wawili walishatangulia, watu wanasema hana mbio za kutisha. Alichokuwa nacho ni kwamba njia yake ya kukimbia haibadiliki, hatua ya kwanza mpaka ya mwisho ni ile ile, kwaiyo beki hajui anakata au anaenda moja kwa moja. Chukua mawe manne uwanjani, panga njia ya yadi 5 kukata ndani na ya yadi 10 kurudi kwa kwotabeki, kila siku hatua zile zile, uzihesabu kwa sauti. Ukikata, shusha makalio kwanza, usikate umesimama wima, goti ndo linalipa.

Rice pia alikuwa na kilima chake cha kukimbilia kule California, cha maili 2 na nusu. Sisi tuna mpando wa kwenda Chimwaga, panda mara mbili kwa wiki wakati hamna mechi, na wiki ya mechi uache. Mimi nilichana msuli wa nyuma ya paja nikiwa na miaka 26 kwa sababu nilitoka kwenye bodaboda nikaingia uwanjani nikakimbia kasi yote bila hata kupasha, nikakaa nje miezi 4 nikiwaangalia wenzangu. Dakika 15 za kupasha, kila siku, hata kama wenzako wameshaanza waache waanze. Chakula msijitese na vitu vya makopo, uji wa uwele wenye karanga asubuhi na ugali na mlenda na maharage vinatosha kabisa, maji ndo mnasahau, Dodoma ni kavu unatoka jasho halafu hulioni.

La mwisho ni la wakubwa kidogo. Utafika miaka 30 na kitu, mtoto wa 19 atakuacha kama umesimama, wengi hapo wanaacha mpira kwa hasira. Fitzgerald alipoanza kupungua kasi alihamishwa kutoka pembeni kabisa akachezea ndani, karibu na mstari mpira unapoanzia, njia fupi, akawa anawazuia mabeki wakubwa ili mwenzake apite, kazi chafu ambayo mastaa hawaipendi. Matokeo yake 2015 kadaka 109, 2016 kadaka 107 akaongoza ligi nzima, 2017 tena 109, na alikuwa na miaka 32 mpaka 34. Kwaiyo usisubiri kocha akuaibishe. Mfuate mwenyewe, mwambie kocha naomba nijifunze nafasi ya ndani, na anza kuijifunza mapema ukiwa bado una mbio.

Mimi nilihamia ndani nikiwa na miaka 33. Msimu wa kwanza nilipotea kabisa, mpira unafika kabla hujageuka, mara mbili umenipiga kwenye bega. Kilichonisaidia ni ule mpira wa tenisi wenye namba, nikaanza upya, mara 50 asubuhi ukutani kwangu kabla ya kwenda kazini, na mpaka leo upo kwenye begi.