Kabla ya kuchanja: madhara adimu na siku zake

Mkono kuuma, homa ya usiku mmoja, mwili kuchoka: hayo wahudumu huyaita maudhi madogo madogo, na kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili au tatu. Madhara adimu, yale ya kuvimba misuli ya moyo, mishipa ya fahamu, tezi au bega, kila moja lina siku zake. Ndiyo maana maandalizi ya kwanza ni kalamu. Hakikisha kadi imeandikwa tarehe, jina kamili la chanjo (siyo "Uviko" tu), namba ya bechi na mkono uliochomwa. Foleni ikiwa ndefu, omba kupiga picha ya kichupa kwa simu. Daktari atakayekuona wiki tatu baadaye ataanzia hapo.

Usimeze parasetamoli kabla ya sindano eti kuiwahi homa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto wachanga waliopewa dawa hiyo kwa kinga walitengeneza kingamwili pungufu kwa baadhi ya chanjo. Subiri homa ije, kisha mpe mtoto miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6. Aspirini usimpe kabisa. Chanjo ya surua na rubella huleta homa na vipele kati ya siku ya 7 na ya 12, kwa hiyo usishangae. Ila kwenye maeneo ya malaria, homa yoyote inayozidi siku mbili ipimwe. Wapo watoto wanaocheleweshewa dawa ya malaria kwa sababu nyumbani walishaamua kuwa "ni chanjo tu".

BCG, chanjo ya kifua kikuu, ndiyo inayowasumbua wazazi wengi, na mara nyingi bila sababu. Dozi ya mtoto mchanga ni mililita 0.05, ndani ya ngozi yenyewe, Tanzania kwenye bega la kulia, Kenya kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Angalia sindano inapotoka: ngozi inapaswa kuinuka kidogo, nyeupe, yenye vitundu kama ganda la chungwa. Isipoinuka, huenda dawa imeingia chini ya ngozi, na hapo ndipo majipu makubwa na tezi za kwapani huanzia. Baada ya wiki 2 hadi 6 hutokea kipele, kikapasuka, kikaacha kovu. Usipake chochote: si mafuta, si majivu, si unga wa vidonge. Tezi ya kwapa la upande uleule ikivimba kufikia sentimita 1.5 au zaidi, mpeleke mtoto akaangaliwe, lakini tezi ngumu isiyo na usaha mara nyingi huachwa iishe yenyewe kwa miezi kadhaa. Viuavijasumu vya kawaida haviisaidii. Ikilainika na kujaa usaha, daktari huufyonza kwa sindano. Kuipasua kwa wembe huacha kidonda kinachotiririka muda mrefu. Kabla ya yote hayo, mama amwambie muuguzi kama mtoto ameshathibitika kuwa na VVU, kama yeye mwenyewe anaumwa kifua kikuu, au kama wakati wa ujauzito alitumia dawa za kushusha kinga ya mwili. Kwa watoto hao BCG inaweza kuahirishwa, maana bakteria wa chanjo hii wako hai na wanaweza kusambaa mwilini.

Kuvimba kwa misuli ya moyo kunahusu zaidi chanjo za Uviko za mRNA, yaani Pfizer na Moderna, na zaidi vijana wa kiume baada ya dozi ya pili. Takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 2022 zilitaja takriban 106 kwa kila dozi milioni moja za pili za Pfizer kwa wavulana wa miaka 16 na 17. Oktoba 2021 Sweden ilisimamisha Moderna kwa vijana, na Finland kwa wanaume chini ya miaka 30. Siku za kuangalia ni wiki ya kwanza, hasa siku ya 2 hadi ya 4: kifua kubana au kuuma, moyo kwenda mbio, pumzi kukatika. Kijana akilalamika hivyo, asiambiwe ni vidonda vya tumbo. Apimwe ECG (umeme wa moyo) na troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha kama moyo umeumia) siku hiyohiyo. Wengi hupona kwa mapumziko na dawa za kutuliza uvimbe, lakini mpira, gym na mbio husimama miezi 3 hadi 6, kwa kuwa moyo uliovimba ukilazimishwa kazi unaweza kubadili mapigo ghafla. Kabla ya kuchanja, uliza kuhusu kuachanisha dozi kwa wiki 8. Nafasi hiyo hupunguza hatari.

Nguo nayo ina maana. Vaa mkono mfupi. Ukishusha kola ya shati ili bega litokeze, sindano huelekea kuchomwa juu mno, ikaingia kwenye kifundo badala ya msuli. Mahali pake ni vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa bega. Maumivu yanayoanza ndani ya saa 48 na kukuzuia kuinua mkono wiki kadhaa si maudhi madogo tena.

Ugonjwa wa Guillain-Barré, unaoshambulia mishipa ya fahamu, huangaliwa hadi wiki ya 6: miguu kufa ganzi, kisha udhaifu unaopanda kuelekea juu. Hospitali mara moja, kwani misuli ya kupumua inaweza kuguswa.

Mzio mkali wenyewe hauna subira, kwa hiyo kaa kituoni dakika 15, au 30 kama uliwahi kupata mzio mkali. Uliza kama adrenalini, dawa ya kwanza ya mzio mkali, ipo. Si utovu wa adabu. Piriton na haidrokotisoni si mbadala wake. Mtu mzima huchomwa mililita 0.5 ya adrenalini ya nguvu ya 1:1000 kwenye paja.

Lolote likitokea, ripoti kituoni, au TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa Tanzania, au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Shaka yatosha, huhitaji kusubiri daktari athibitishe kwamba chanjo ndiyo chanzo.