Kudhibiti Chembe za Chuma Ndani ya Mitambo ya Umeme Iliyojazwa Gesi ya SF6

Mwongozo huu ni wa mafundi wanaofungua au kuunganisha chemba za mtambo wa gesi wa kilovoti 132. SF6 (salfa heksafloridi), gesi inayohami umeme ndani ya mtambo, huhimili msongo mkubwa wa umeme (volteji), lakini uwezo huo hushuka sana pale uzi mwembamba wa alumini, wenye urefu wa milimita chache tu, unapobaki sakafuni mwa tangi. Msongo ukipanda, chembe hiyo hupata chaji kutoka kwenye ukuta, husimama wima, kisha huanza kurukaruka kuelekea kondakta, yaani kipande kinachobeba umeme ndani ya tangi. Ya alumini huinuka mapema kuliko ya shaba ya ukubwa uleule kwa sababu ni nyepesi, na matangi mengi ni ya alumini.

Hatua ya 1. Hakikisha chemba imetengwa na umeme na imeungwa na ethi (ardhi), kisha vuta gesi yote kwa mashine maalumu bila kuiachia hewani. Pima oksijeni kabla ya kuinamia ndani, kwa kuwa SF6 ni nzito takribani mara 5 kuliko hewa na hutuama mabondeni. Ukiona unga ambao cheche zimeuacha, ni sumu: vaa barakoa na glavu.

Hatua ya 2. Zuia chembe zisizaliwe. Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka, maana bolti inayoingizwa kwa nguvu kwenye tundu la alumini hukwangua hesi zake na kudondosha vipande ambavyo jicho halivioni kwa urahisi. Ianze kwa mkono, mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi ukiwa karibu na tundu. Usipige tupa wala kutoboa chochote karibu na chemba iliyo wazi, na kila uwazi usiotumika ufunikwe mara moja.

Hatua ya 3. Fyonza kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa alkoholi, kuanzia juu kushuka chini. Laza tochi ili mwanga upite sambamba na sakafu, nayo chembe itametameta. Vihami, yaani vipande visivyopitisha umeme vinavyoshikilia kondakta, vikague mara mbili: chembe iliyonata juu yake hairuki, hivyo ishara yake ni hafifu, lakini radi ikipiga laini inaweza kusababisha umeme uruke juu ya uso wa kihami.

Hatua ya 4. Hesabu zana zote, funga, vuta hewa hadi kiwango cha mtengenezaji, kisha jaza gesi polepole.

Hatua ya 5. Pandisha msongo kwa ngazi, ukisubiri dakika kadhaa katika kila ngazi, ili chembe zilizosalia zisogee hadi kwenye mitego, yaani sehemu za tangi ambako uga wa umeme (nguvu inayozisukuma chembe) ni dhaifu. Bandika kitambuzi cha sauti kwenye tangi: chembe inayoruka hutoa migongano isiyofuata mpangilio wa mawimbi ya hezi 50, ilhali ncha kali iliyotuama hurudia mdundo wake kila wimbi. Migongano isipokoma, usipandishe zaidi. Shusha msongo, unga ethi, na uifungue chemba hiyo upya.