Jua rangi zinazokukubali kabla hujanunua gauni

Kuna watu bado wanasema mi mweusi rangi kali hazinifai, nani kawaambia? Weusi au weupe sio ishu, ishu ni ile rangi ya chini kwa chini kwenye ngozi, andatoni, kama inavutia kwenye njano na dhahabu basi wewe ni wa joto, ikivutia kwenye bluu au waridi ni wa baridi, na ndugu wawili wote weusi tii wanaweza kuwa mmoja huku mwingine kule.

Kupima hivi. Osha uso usipake kitu, vua hereni, wigi la blondi toa au funga kilemba cheupe. Kaa dirishani mchana, taa zima, jua lisikupige usoni. Shika kioo halafu weka vitambaa chini ya kidevu, viwili viwili, kanga mtandio chochote: nyeupe pe na krimu, pinki kali na chungwa, damu ya mzee na rangi ya matofali, kila jozi ya kwanza ni ya baridi, ya pili ni ya joto. Macho yako yawe kwenye uso sio kwenye kitambaa!! Rangi iliyokukubali ngozi inatulia, inakuwa moja. Iliyokukataa utaona weusi wa chini ya macho umezidi, pembeni ya midomo pana kivuli, uso umepauka kama hujapaka mafuta. Ile ya kuangalia mishipa mkononi achana nayo, kwa wengi wetu haionekani vizuri.

Sasa majira, yaani kugawa watu makundi manne ya rangi kwa majina ya misimu ya mwaka: winta, otamu, springi na sama. Huu mfumo ulivuma Marekani na kitabu cha Carole Jackson cha 1980, Color Me Beautiful, na weusi wengi wakawa wanarundikwa winta tu, kitu ambacho sikubaliani nacho kabisa. Winta ni baridi na kali: nyeusi, nyeupe pe, bluu ya kukolea. Otamu ni joto lililokolea, haradali, matofali, kijani cha mzeituni, na hapa wapo weusi kibao. Springi ni joto la kung'aa kama pichi na kijani cha majani mabichi, sama ni baridi iliyofifia, lavenda na kijivu chenye bluu.

Faundesheni jaribu kwenye taya sio kwenye mkono, subiri kidogo maana nyingine zinageuka rangi, halafu toka nje ya duka ujiangalie, zile taa nyeupe zinadanganya. Ukiwa kama umepakwa majivu, aidha ni nyepesi kwako au andatoni sio yako. Lipstiki, wa joto chukua chokoleti au matofali, wa baridi damu ya mzee na zambarau.

Na kamati ya harusi ikichagua sare iliyokukataa usigombane nao, mwambie fundi akate shingo pana ili kitambaa kikae mbali na uso, au shona sketi kwa hiyo rangi, juu tupia mtandio unaokukubali.