Namna ya Kusoma Barua za Wanabotania wa Karne ya 19

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza barua za Charles Darwin na rafiki yake Joseph Dalton Hooker, mwanabotania, yaani mtaalamu wa mimea, aghalabu hutafuta mawazo makubwa, kisha huvunjika moyo anapokutana na kurasa nzima za maswali kuhusu mbegu, majani na visiwa. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba maswali hayo yasirukwe. Barua ya mwanabotania wa zama hizo mara nyingi ilisindikiza kifurushi, au ilikiomba, au ilishukuru kwa kukipokea, na maana yake hukamilika pale msomaji anapojua kifurushi hicho kilibeba nini.

Anza na barua moja. Barua zilizobaki ambazo Darwin aliziandika au alizipokea zinazidi 15,000, na zile za kati yake na Hooker peke yake ni takriban 1,400, kwa hiyo anayezivamia zote kwa pamoja atazama. Chukua ile ya tarehe 11 Januari 1844. Hooker alikuwa amerejea mwaka uliotangulia kutoka safari ya miaka minne katika bahari za kusini, na mimea ambayo Darwin aliikusanya katika visiwa vya Galápagos mwaka 1835 ilikuwa imekabidhiwa kwake aichambue. Katikati ya habari za mimea ya visiwani, Darwin anaeleza kwamba anakaribia kusadiki kuwa spishi, yaani aina za viumbe, hubadilika, na ndani ya mabano anaongeza kwamba kusema hivyo ni kama kuungama mauaji. Maneno hayo yamenukuliwa mara nyingi mno yakiwa yameng'olewa mahali pake. Yarudishe ndani ya barua, nawe utaona kwamba Darwin mwenyewe anataja chanzo chake: alishangazwa na jinsi viumbe wa Galápagos walivyogawanyika, ndipo akaamua kukusanya kila habari inayoweza kueleza spishi ni nini. Maswali anayomuuliza Hooker ni sehemu ya kazi hiyohiyo.

Kisha tafuta jibu, na usiendelee kabla hujalipata. Hooker alijibu tarehe 29 mwezi huohuo kwamba huenda spishi zimebadilika polepole, na kwamba angefurahi kusikia Darwin anadhani mabadiliko hayo yalitokeaje, kwa kuwa hakuna maelezo ya wakati ule yaliyomridhisha. Kwangu mimi jibu hili lina uzito sawa na ungamo lenyewe, kwa maana Hooker hakushtuka wala hakukejeli, bali aliomba kuelezwa zaidi, na mazungumzo yao yaliendelea hadi Darwin alipofariki mwaka 1882.

Jambo la tatu ni tarehe, na hapa uvumilivu unahitajika. Darwin alizoea kuandika jina la kijiji chake, Down, na siku ya juma, bila mwaka. Kwa kuwa alihamia huko mwezi Septemba 1842, barua yenye anwani hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Yanayobaki hukisiwa kwa alama za ndani ya karatasi, matukio yanayotajwa, na jibu lenye tarehe kamili. Ukiona tarehe imewekwa kwenye mabano ya mraba, elewa kwamba ni hoja ya wahariri na si mkono wa mwandishi. Usidhani haya ni mambo madogo. Mwezi Juni 1858 Darwin alipopokea insha ya mwanaasilia Alfred Russel Wallace kuhusu wazo lilelile alilokuwa akilifanyia kazi, ni barua aliyokuwa amemwandikia mwanabotania wa Marekani, Asa Gray, tarehe 5 Septemba 1857, iliyosaidia kuonyesha kwamba wazo hilo alikuwa nalo tayari. Sehemu ya barua hiyo ilisomwa pamoja na insha ya Wallace mbele ya jumuiya ya wanaasilia iitwayo Linnean jijini London, tarehe 1 Julai 1858.

Baada ya tarehe, fuata kifurushi. Mwezi Januari 1862 Darwin alimwandikia Hooker kwa mshangao kwamba amepokea sanduku la okidi, na ndani yake mmekuwa na okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, yenye mrija wa mbochi (maji matamu ya ua) unaokaribia futi moja; akajiuliza ni mdudu gani awezaye kuufyonza. Ukilitazama ua lenyewe ndipo swali lake linapokupata na wewe. Nondo mwenye ulimi wa urefu huo alikuja kuelezwa na wanasayansi mwaka 1903.

Msomaji wa Kiswahili anayo kazi ambayo wengine hawaiwezi vizuri. Hifadhi ya nyaraka ya bustani ya mimea ya Kew, London, ambayo Hooker aliwahi kuiongoza, inatunza barua za John Kirk, aliyefika Unguja mwaka 1866 akiwa daktari katika ubalozi mdogo wa Uingereza, na ambaye alituma mimea na maelezo kwa Hooker. Mojawapo ya mambo aliyoyachunguza ni sandarusi, yaani utomvu mgumu wa mti, na mti wake ukiutafuta leo kwa jina la kisayansi la wakati ule, Trachylobium, huenda usiupate, kwa kuwa sasa unaitwa Hymenaea verrucosa. Majina ya kisayansi hubadilika. Msandarusi umebaki msandarusi. Kwa hiyo kila unapokutana na jina la pwani lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, lisome kwa sauti kabla ya kulipita. Sandarusi mbichi, ambayo watu wa pwani waliiita chakazi, wafanyabiashara wa kigeni waliigeuza kuwa jackass, yaani punda dume, na asiyejua Kiswahili aweza kuhangaika muda mrefu akitafuta punda huyo ana uhusiano gani na mti. Andika jina sahihi pembeni, kisha ulitumie kuutafuta msandarusi katika orodha za sampuli kavu za Kew.